Nafundisha XX na XY ubaoni, na majibu ya hospitali yanasema mimi ni XY

Shikamoo mama.

Naomba jina langu na la wilaya yangu visichapwe. Itoshe kusema nipo mkoani Dodoma, nina miaka 27, nafundisha Biolojia katika sekondari ya kata, na mwezi wa saba wazee wa upande wa mchumba wangu wanakuja nyumbani kumalizia mahari. Ng'ombe wameshatajwa, mbuzi wameshatajwa, blanketi la bibi limeshanunuliwa. Kwetu kila mtu anacheka isipokuwa mimi.

Sijawahi kuona siku zangu. Nilipokuwa kidato cha pili bibi alinichemshia mizizi, akasema wapo wasichana wanaochelewa na nisijali. Matiti yaliota kama ya wenzangu, nikarefuka kuwapita wengi, sauti ni ya kike, ngozi laini. Hakuna aliyewahi kunitilia shaka. Bwenini nilikuwa nanunua pedi kama wengine ili wasinisemee, kisha nawagawia walioishiwa. Waliniona mkarimu. Chuoni nikaacha kuwaza kabisa, nikajiambia hayo yatashughulikiwa nikiolewa.

Mwaka jana, baada ya kuvishwa pete, niliona ni haki nijue kama nitazaa. Nikaenda hospitali kimya kimya. Mpimaji wa utrasaundi alipitisha kifaa tumboni, akarudia, akamwita mwenzake, wakaongea kwa Kiingereza wakidhani sielewi. Kizazi hakipo. Wakatoa damu, sampuli ikapelekwa Dar es Salaam, nikasubiri hadi nikakata tamaa ya kuulizia. Majibu yalipofika, daktari kijana alinisomea akiwa amesimama mlangoni, wagonjwa wengine wamekaa kwenye benchi wanasikia: "Kromosomu zako ni 46, XY. Yaani kitaalamu wewe ni mwanaume." Akaongeza kwamba mahali nilipodhani nina ovari kuna korodani ambazo hazikushuka, na kwamba inabidi zitolewe. Kwenye karatasi akaandika jina refu la kitabibu. Nilipolisoma nyumbani nikaelewa maana yake: mwili usiosikia kabisa homoni za kiume.

Mama, mada hiyo naifundisha. Kila mwaka kidato cha nne nachora kile kisanduku: mama anatoa X, baba anatoa X au Y, nusu wasichana, nusu wavulana. Naandika XX ni mwanamke, XY ni mwanaume, halafu nawaambia hapa hakuna mjadala, hizi ni alama za bure. Mada inakaribia tena, na nikiiwazia mkono unakufa ganzi.

Kwanza, mimi ni nani? Kama karatasi inasema kweli, basi kila aliyeniita binti tangu mkunga aliyenipokea alikosea. Kama wao hawakukosea, vitabu ndivyo vimekosea, na sasa nataka kujua: imekuwaje dunia nzima, wasomi na wasiosoma, ikaamini jambo hili ni rahisi kiasi hicho? Nani alikaa akaamua kwamba herufi mbili zinatosha?

Pili, mchumba wangu. Ni mtu mwema, anafuga na kulima alizeti. Hajanigusa, tulikubaliana kusubiri ndoa ya kanisani. Mama yake ameshanitajia majina ya wajukuu. Nikimwambia, nahofia ataona nimemdanganya. Kibaya zaidi, maneno yanaweza kufika kijijini kwamba alitaka kuoa mwanaume mwenzake, na unajua maneno ya namna hiyo katika nchi yetu yanavyoweza kumfikisha mtu pabaya. Nisipomwambia, nitaishi naye vipi?

Tatu, mama yangu. Mchungaji wetu hupenda kuhubiri Mwanzo 1:27, "mwanamume na mwanamke aliwaumba", na mama analijua andiko hilo kwa moyo. Halafu nina mdogo wangu wa kike, ana miaka 13, naye bado hajavunja ungo. Nikimwangalia tumbo linanikata.

Usiniambie "mwachie Mungu". Nimeshamwachia. Naomba uongee nami kama mtu mzima mwenzako.

Mwalimu, Dodoma

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako niliisoma usiku, nikairudia asubuhi kabla ya chai. Nitaongea nawe kama mtu mzima, na kwa kuwa wewe ni mwalimu wa Biolojia sitakuficha mambo ya kitaalamu.

Nikikuelewa vizuri, umebeba mizigo mitatu kwa mara moja: hali ya mwili wako, ndoa iliyoko njiani, na somo unalotakiwa kulifundisha kama vile halikuhusu. Yote mitatu umeifunga kwa kamba ya yule daktari: "kitaalamu wewe ni mwanaume." Naomba tuanzie hapo. Alichosoma kwenye karatasi alikisoma sawasawa. Alichoongeza baada ya neno "yaani" hakikuwamo kwenye karatasi. Kipimo kile kilihesabu kromosomu tu. Na kukisoma mlangoni, watu wakiwa kwenye benchi, ni jambo ambalo una haki ya kulilalamikia kwa mganga mfawidhi, ukipata nguvu hizo.

Sasa mwili wako. Mimba ikiwa changa, watoto wote wana maandalizi yaleyale, ya kizazi na ya viungo vya kiume pia. Kwenye wiki ya sita au ya saba, jeni iitwayo SRY, ambayo kwa kawaida hukaa kwenye Y, huziamuru tezi za uzazi ziwe korodani. Korodani zikishaundwa hutoa ujumbe wa aina mbili. Wa kwanza unazuia kizazi kisiendelee. Wa pili ni testosteroni, na huo ndio unaoujenga mwili wa nje kwa umbo la kiume. Mwili wako uliusikia ujumbe wa kwanza, ndiyo maana kizazi hakipo. Wa pili haukuusikia, kwa sababu jeni inayotengeneza kipokezi cha homoni hiyo ina hitilafu, na jeni hiyo iko kwenye X. Hivyo mwili ukaendelea kwa njia ya kike. Ulipofika umri wa kubalehe, sehemu ya testosteroni ikageuzwa kuwa estrojeni, matiti yakaota. Huenda pia umewahi kujiuliza kwa nini nywele za kwapani ni haba. Sababu ni hiyohiyo. Mizizi ya bibi isingebadilisha kitu, wala wewe hukufanya lolote la kusababisha haya.

Ona basi kilichotokea. Tunaposema "jinsi ya mtu" tunawaita mashahidi kadhaa kwa pamoja: kromosomu, tezi za uzazi, viungo vya ndani, viungo vya nje, homoni na jinsi mwili unavyozisikia. Kwa watu wengi sana mashahidi hao wanasema neno moja, kiasi kwamba hatukuwahi kuona ulazima wa kujua ni wangapi. Kwako wamepishana. Na ukiifuatilia historia utaona kwamba kila zama ilimchagua shahidi mmoja, ikampa mamlaka ya kuwasemea wenzake wote. Kwa maoni yangu, hilo ndilo jibu la "nani alikaa akaamua". Hakuna kikao kimoja kilichokaa.

Kwa karne nyingi aliyeaminiwa alikuwa jicho la mkunga. Lakini hata watu wa kale walijua kwamba jicho huweza kukwama. Wanazuoni wa fiqhi ya Kiislamu waliandika hukumu za huntha, mtu ambaye viungo vyake havikueleweka, wakapanga arithi vipi na asimame wapi kwenye sala. Marabi wa Kiyahudi nao walijadili habari hizohizo. Huwezi kusema hao walikuwa watu wa kulegeza mambo. Walikuwa na mali ya marehemu mbele yao na watoto wa kugawiwa, na mmoja wa watoto hakuingia katika fungu lolote. Kwa hiyo dhana kwamba zamani kila mtu aliamini mambo ni rahisi, na wewe ndiye wa kwanza kuivunja, haisimami.

Urahisi ulikuja baadaye, tena kupitia hospitali. Mwaka 1876 tabibu wa Kijerumani Edwin Klebs alipendekeza kwamba jinsi ya kweli ya mtu itambuliwe kwa tezi za uzazi peke yake. Mwenye korodani ni mwanaume, awe na umbo gani. Mwenye ovari ni mwanamke, awe na ndevu kiasi gani. Kanuni hiyo iliwafaa madaktari wa enzi ile. Waliokuwa na tishu za aina zote mbili ni wachache mno, na kabla ya upasuaji wa kisasa waligunduliwa zaidi baada ya kufa, kwa hiyo kwa kalamu moja karibu kila mtu alirudishwa kwenye mafungu mawili. Kwa kanuni ya Klebs wewe ungeandikwa mwanaume, na maisha yako yote yangeitwa kosa. Yule daktari kijana, bila kujua, alikuwa anaongea lugha inayofanana sana na hiyo.

Kisha zikaja herufi zako. Mwaka 1905 Nettie Stevens, mwanasayansi wa Marekani, alichunguza chembe za wadudu wa unga, wale wanaoharibu nafaka ghalani, akaona kwamba madume yana kromosomu moja ndogo kuliko pacha wake. Edmund Wilson alifikia jambo la kufanana na hilo wakati uleule. Ulikuwa ugunduzi mkubwa, na kile kisanduku chako cha ubaoni kinatokana nao. Lakini angalia safari iliyofuata. Kwa inzi wa matunda ilibainika kwamba Y haiamui udume: inzi mwenye X moja bila Y bado ni dume, ila hazalishi. Watu wakadhani binadamu naye yuko hivyo. Isitoshe, kwa zaidi ya miaka 30 vitabu vilisema binadamu ana kromosomu 48, na waliochungulia kwenye hadubini wakawa wanahesabu 48, mpaka Joe Hin Tjio na Albert Levan walipohesabu vizuri na kutangaza 46 mwaka 1956. (Hili huwa linanifurahisha kila nikilikumbuka. Mtu anaweza kuwa na kitu mbele ya macho na bado akaona alichofundishwa.) Mwaka 1959 ndipo walipopatikana wanaume wenye XXY na wanawake wenye X moja tu, ikajulikana kwamba kwa binadamu Y ndiyo inayoelekeza mwili kwenye uanaume. Na mwaka 1990, watafiti wa London wakaonyesha kwamba hata Y nzima haihitajiki, sehemu yenye jeni ya SRY inatosha. Wapo wanaume wenye XX ambao jeni hiyo ilihamia kwenye X ya baba yao. Nao wengi hawajui mpaka wanapohangaika kupata mtoto.

Haya yote yalikuwa yameshajulikana kabla wewe hujazaliwa. Kwa nini basi ubaoni tumebaki na mistari miwili?

Sababu moja ni kwamba mistari hiyo ni kweli karibu kila mara, na kanuni iliyo kweli karibu kila mara hainung'unikiwi na mtu. Nyingine ni kwamba kisanduku kile kinaeleza vizuri mno kwa nini wasichana na wavulana huzaliwa karibu sawa kwa idadi. Kinachoreka, kinasahihishika, kinaleta alama. Fomu nazo zina Me na Ke. Lakini ipo sababu ya tatu, na hii inaniuma kuliko hizo. Katika karne ya 20 watoto wengi waliozaliwa na viungo visivyoeleweka walifanyiwa upasuaji wakiwa wachanga, na wanawake wenye hali kama yako mara nyingi hawakuambiwa ukweli na madaktari wao. Wazazi walishauriwa wanyamaze. Watu walifichwa, kisha kutoonekana kwao kukawa ushahidi kwamba hawapo.

Sasa nisikubebe nikakupeleka upande wa pili kwa mkupuo. Wako wanabiolojia makini wanaosema jinsi ni mbili, na hoja yao ni nzuri: kwa uzazi wa binadamu kuna yai na kuna mbegu ya kiume, basi, hakuna chembe ya tatu. Hilo unaweza kulifundisha kesho bila kusita. Linaeleza uzazi. Swali ni kama linatosha kumweleza kila mtu mmojammoja, pamoja na asiyetoa yai wala mbegu. Hapo wasomi wanabishana, na hata hesabu zao hazikubaliani. Mwanabiolojia wa Marekani Anne Fausto-Sterling na wenzake waliwahi kukadiria kwamba wale ambao mashahidi wao wanapishana ni watu 1.7 katika kila 100; daktari wa hukohuko Marekani, Leonard Sax, akajibu kwamba ukiwahesabu tu wale ambao viungo vyao havieleweki au vinapingana na kromosomu zao, ni kama 0.018 katika 100. Tofauti yote hiyo inatokana na nani anaingizwa kwenye hesabu. Wewe uko ndani ya hesabu zote mbili. Hali yako hukadiriwa kumpata mtu mmoja katika watu 20,000 au zaidi wanaozaliwa na XY. Ni nadra, ila Tanzania ni kubwa, na sidhani kama uko peke yako hata hapa kanda ya kati.

Kuna mmoja ambaye dunia inamjua. María José Martínez-Patiño, mkimbiaji wa kuruka viunzi wa Hispania, alipimwa kromosomu mwaka 1985 huko Kobe, Japani, akakutwa na XY. Hali yake ni kama yako. Aliambiwa ajifanye ameumia na aondoke kimya. Baadaye, alipokataa kukaa kando, habari zake zilivuja magazetini, akafutiwa rekodi, akapoteza ufadhili wa masomo, akampoteza na mchumba. Sikufichi hilo la mchumba. Lakini alikata rufaa, akieleza kwamba mwili usiosikia testosteroni hauwezi kufaidika nayo, na mwaka 1988 akarudishiwa haki ya kukimbia na wanawake. Baadaye akawa profesa wa chuo kikuu kwao.

Hilo linanileta kwa mchumba wako. Unasema ataona umemdanganya. Ulimdanganya lini? Ulipokubali pete hukujua. Kilichobaki ni utakachofanya na ulichokijua baadaye, na hapo naona umechanganya habari mbili kuwa moja. Ya kwanza ni kwamba hutabeba mimba. Ya pili ni herufi zilizo kwenye karatasi. Ya kwanza inagusa maisha yake moja kwa moja, na mimi ningesita sana kuona ng'ombe wakivuka kabla hajaisikia, kwa sababu akiijua baada ya harusi haitakuwa tena habari ya mwili wako, itakuwa habari ya kuaminiana. Ya pili ni siri yako ya kitabibu. Wapo watakaokuambia mume mtarajiwa anastahili kujua kila kitu siku hiyohiyo. Wapo watakaokuambia mwanamke aliyezaliwa bila kizazi hadaiwi maelezo zaidi ya hayo. Kila njia ina gharama. Ukimwambia nusu, siku moja anaweza kuiona karatasi, au akaisikia kwa mtu wa hospitali. Ukimwambia yote leo, unamkabidhi neno ambalo hana ujuzi wa kulibeba, na akilitamka kwa kaka yake tu, limeshafika kwa mshenga. Wewe unamjua, mimi simjui. Akiambiwa siri huwa anaiweka? Alipokasirika mara ya mwisho alifanya nini na ulimi wake?

Kama utaamua kumwambia, usianze na kromosomu. Yeye ni mfugaji. Muulize kama amewahi kuona ng'ombe akizaa mapacha, dume na jike, kisha yule jike akakua vizuri lakini asipate mimba kamwe. Kwa ng'ombe jambo hilo hutokea mara nyingi mno, zaidi ya mara tisa katika kumi, kwa sababu damu na homoni za pacha dume humfikia jike tumboni. John Hunter aliwaandika ng'ombe hao huko London mwaka 1779, na sababu ilielezwa vizuri miaka ya 1910. Sisemi wewe ni sawa na huyo mtamba. Chanzo chako ni kingine kabisa, na uwe mwepesi kumweleza hivyo asije akakutania vibaya. Nasema tu kwamba mtu wa zizini ameshaona kuwa mwili hujengwa kwa hatua, na hatua moja inaweza kwenda tofauti. Hilo halihitaji cheti cha kidato cha nne.

Na usiende kwenye mazungumzo hayo kabla hujaonana na daktari wa homoni au wa magonjwa ya wanawake katika hospitali ya rufaa, ambaye atakaa chini na wewe mlango ukiwa umefungwa. Mwombe athibitishe hali yako, maana kromosomu na utrasaundi peke yake havimalizi kazi. Muulize kuhusu tendo la ndoa: kwa wenye hali hii uke unaweza kuwa mfupi, na upo utaratibu wa kuutanua polepole bila kisu. Muulize pia kuhusu huko kutolewa korodani. Zinaweza kuota uvimbe wa saratani, na hatari hiyo huongezeka kadiri umri unavyokwenda, lakini si jambo la kukimbizwa nalo wiki ijayo. Ndizo zinazokupa estrojeni. Zikitolewa utahitaji dawa za homoni kwa miaka mingi ili mifupa isidhoofike, kwa hiyo kabla ya kusaini ujue dawa hizo utazipata wapi hapa Dodoma, na kwa bei gani ya kila mwezi.

Mdogo wako: miaka 13 bila kuvunja ungo si kuchelewa. Madaktari kwa kawaida huanza kuulizia miaka 15 ikipita. Lakini swali lako ni la haki, na wewe unajua kulikokotoa. Kama mama ndiye aliyebeba jeni hiyo kwenye X yake mojawapo, basi kati ya watoto wake wote wanaozaliwa na umbo la kike, mmoja kwa watatu anaweza kuwa na hali kama yako, na mwingine kuwa mbebaji kama mama. Mara nyingine hitilafu huanza kwa mtoto mwenyewe na mama hana kitu. Ninachokuomba ni kwamba asipelekwe kupimwa kwa kudanganywa kwamba ni malaria. Wewe ulisomewa majibu mlangoni. Yeye anaweza kuandaliwa, na anayefaa kumwandaa pengine ni wewe.

Kuhusu mama yako na Mwanzo 1:27, sitajaribu kubishana na mchungaji kwenye gazeti. Ila mwombe mama siku moja msome pamoja Mathayo 19:12, pale Yesu anapotaja, bila kukemea, matowashi waliotoka hivyo matumboni mwa mama zao. Wanatheolojia wanaufasiri mstari huo kwa njia nyingi. Kwa mama anayeogopa kwamba mtoto wake hayumo kwenye uumbaji, unaweza kuwa pa kuanzia. Mama huyo pia ataumia kwa namna yake atakaposikia jeni ilipita kwake. Jiandae kumbembeleza wakati wewe mwenyewe unahitaji kubembelezwa, maana akina mama ndivyo tulivyo.

Watoto, kama mtaoana, si mlango uliofungwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ina njia ya kuasili na ya malezi ya kambo, na koo zetu zina desturi ndefu ya kulea watoto wa ndugu. Lakini usiyatoe haya kama rushwa ya kumshawishi mtu. Anayetaka watoto wa damu yake, na yupo anayetaka hivyo bila ubaya wowote, ana haki ya kusema hapana, nawe una haki ya kulia na kuendelea kuishi.

Darasani sina wasiwasi nawe kama ulivyo na wasiwasi na nafsi yako. Kisanduku kichore. Unaweza kuongeza "kwa kawaida" mbele ya XX na XY, maneno mawili tu, wala hakuna mkaguzi atakayekupunguzia chochote. Mwanafunzi akiuliza kwa nini "kwa kawaida", unaweza kutaja XXY na X moja, ambazo zimejulikana tangu 1959, na kuishia hapo. Hudaiwi kuwa mfano wa somo lako mwenyewe. Na kama mwaka huu mkono bado ni mzito, mwombe mwalimu mwenzako abadilishane nawe vipindi hivyo.

Umeniuliza wewe ni nani. Naona umeliuliza kana kwamba jibu liko kwenye faili la hospitali na wewe hujaruhusiwa kulifungua. Kabla ya karatasi hiyo ulikuwa umeishi miaka 26 au 27 bila kuwa na shaka kuhusu hilo. Wanawake wengi wenye hali yako hujijua kuwa wanawake, na wanaendelea hivyo baada ya majibu. Wapo pia watu wa jinsi tata, yaani wale ambao mashahidi wao wamepishana, wanaojisikia vingine, na jirani zetu Kenya waliwahesabu watu hao 1,524 katika sensa ya 2019. Sikupi jina. Nauliza tu: ni kitu gani hasa ulichokijua kuhusu nafsi yako mwezi mmoja kabla ya majibu, ambacho sasa unaamini si kweli? Kiandike kwenye karatasi uone kama ni vingi.

Niandikie tena ukishaonana na daktari, hata kwa mistari miwili. Na faili hilo la majibu, kama bado liko kwenye droo yako ya ofisi ya walimu, lihamishe leo. Droo za shule funguo zake huwa nyingi.